Deni la Siku za Mapumziko

Mtumishi wa serikali anayekaribia kustaafu huulizwa na jamaa zake, na hujiuliza mwenyewe nyakati za usiku, habari za pensheni na kiinua mgongo. Aghalabu hapatikani wa kumwuliza habari za likizo. Kiinua mgongo watu hukitazama wakaona nyumba iliyoezekwa, au shamba lililopaliliwa, au ada za wajukuu, na kwa sababu hiyo hutajwa katika kila baraza. Bali siku za likizo ambazo mtu alizistahili akazikosa kwa ajili ya kazi hazionekani machoni pa yeyote, na wengi huziacha nyuma yao siku ya kuaga kana kwamba hazikuwa mali. Mimi nasema zilikuwa mali, tena mali iliyochumwa kwa jasho. Niliitumikia serikali tangu ujana wangu hadi umri wa lazima wa kustaafu, ambao kwa watumishi wa umma walio wengi nchini Tanzania ni miaka 60, na baada ya kuondoka nilidai malipo ya likizo ambayo kazi ilinizuia kuitumia, nikalipwa. Katika kudai huko nilijifunza mambo ambayo nayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao bado wamo kazini, maana elimu hii humfaa aliyemo kuliko aliyekwisha kutoka.

Niliingia utumishini kwa mlango wa masijala, chumba ambacho katika ofisi nyingi huwa mwisho wa ujia, na madirisha yake hayafunguliwi sana kwa kuogopa upepo usije ukatawanya karatasi. Karani mkuu wetu alikuwa mzee wa Pangani aliyeanza kazi zama za Mwingereza, mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na suruali iliyopigwa pasi siku nyingine zote, na sisi vijana tulimwita Mwalimu ingawa hakupata kusomesha darasani. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba barua hukaa upande wa kulia wa jalada na madokezo upande wa kushoto. Kwamba kila barua iingiapo hupewa namba yake kwa wino mwekundu pembeni, ikatiwa duara. Na kwamba ofisa akitaka kuamua jambo hataji habari aliyoisikia, hutaja folio, yaani namba hiyo. Kwake yeye barua isiyo na namba ilikuwa haijafika ofisini, hata kama imelala mezani pake mbele ya macho yake. Wakati huo tuliuona ukali wake kuwa takilifu isiyo na sababu. Nilipokuwa mdai wa serikali ndipo nilipoona kwamba mafunzo yale ya masijala yalikuwa ni elimu ya haki.

Mzee yule alizoea pia kutusimulia habari za likizo za siku zake. Ofisa wa Kizungu alihesabiwa siku zake za mapumziko kwa kadiri ya miezi aliyokaa katika koloni, na kipindi chake kilipotimia alirudi kwao kwa meli, nauli ikalipwa na serikali. Na kama alikuwa anaondoka moja kwa moja, alikabidhi ofisi huku mshahara wake ukiendelea mpaka likizo yake ya kuondokea imalizike. Karani Mwafrika alipata likizo fupi ya papa hapa. Na hata mshahara wenyewe, ambao ndio msingi wa hesabu ya likizo, haukuwa mmoja: Tume ya Sir Maurice Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar mwaka 1947 na 1948, ilishikilia kwamba Mwafrika afanyaye kazi ya daraja la Mzungu alipwe sehemu tatu katika kila tano za mshahara wa Mzungu, na jambo hilo halikupata kuondolewa ila kwa mapendekezo ya Tume ya Sir David Lidbury mwaka 1954. Nayataja haya kwa kuwa mtu asiyeyajua hudhani likizo ya malipo ni hisani iliyozuka ofisini siku moja kwa ukarimu wa wakubwa, ilhali ni haki iliyopiganiwa na kupimwa, ikawa ya baadhi ya watu kwanza, kisha ikawa ya wote.

Ulimwenguni kote safari yake ilikuwa hivyo hivyo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza wa likizo yenye malipo mwaka 1936. Mwaka 1948 Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, katika ibara ya 24, likaitia likizo yenye malipo miongoni mwa haki za kila mtu. Na Mkataba Na. 132 wa mwaka 1970 ukaweka wazi kwamba mtu anayeondoka kazini naye apate likizo, au malipo badala yake, kwa kadiri ya muda aliofanya kazi. Kwetu Tanzania jambo hili limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 31 kinampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 28 katika kila mzunguko wa miezi kumi na miwili, na siku hizo ni za mfululizo, yaani Jumapili na sikukuu zinazoangukia ndani yake huhesabiwa pamoja. Kifungu cha 44 kinaorodhesha yale ambayo mwajiri hana budi kuyalipa ajira inapokoma, na humo likizo imetajwa mara mbili: ile iliyokwisha kuiva isichukuliwe, na ile ya mzunguko ambao haujatimia.

Hesabu ya mzunguko usiotimia ni nyepesi, na inashangaza kwamba watumishi wengi hustaafu bila kuijua. Kwa kila siku 13 za kazi mtu huchuma mshahara wa msingi wa siku moja ya likizo. Mwenye kutaka kujua namba hiyo imetoka wapi na azidishe 13 kwa 28; atapata 364, ambazo ndizo siku za mwaka zikipungua moja. Basi mtu aliyefanya kazi siku 130 katika mzunguko wake wa mwisho, kisha akaondoka, anadai siku kumi, na haki hiyo hamwombi mtu. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka mpaka ambao ni lazima usomwe kwa makini. Mwajiri ndiye apangaye wakati wa likizo, ila asivuke miezi sita tangu mzunguko ulipomalizika, au miezi kumi na miwili iwapo mtumishi ameridhia na mahitaji ya kazi yamelazimisha. Na likizo ambayo haikuchukuliwa ndani ya muda na hali hizo haina malipo mtu anapoondoka. Kwa maneno mengine, anayeweka siku zake mwaka baada ya mwaka akitumaini kuzivuna zote siku ya kustaafu anajiwekea kitu ambacho sheria haikitambui.

Sasa nieleze yaliyonipata. Desturi ya ofisi za serikali ni kumpangia anayestaafu likizo yake ya mwisho mapema, ili siku yake ya mwisho ya likizo iwe ndiyo siku yake ya mwisho ya utumishi, na hivyo pasibaki deni. Mimi nami nilipangiwa. Lakini mwaka ule aliyekuwa aje kushika nafasi yangu alicheleweshwa uhamisho, na kazi za kufunga mwaka wa fedha zilikuwa zimerundikana, na mkuu wa idara aliniita akaniomba kwa upole nibaki hadi siku ya kukabidhi. Alikuwa mtu mwema na nilimheshimu. Nilimwambia nitabaki kwa moyo mkunjufu, ila namwomba aniandikie barua kwamba likizo yangu imeahirishwa kwa maslahi ya kazi. Alinitazama kidogo, kwa kuwa si desturi ya watu walioaminiana muda mrefu kuombana karatasi. Nami nikamweleza kwamba barua ile siitaki kwa kumshuku yeye, naitaka kwa sababu wakati nitakapodai huenda yeye amehamishwa na mahali pake ameketi mtu asiyenijua. Akaandika. Nakala yangu nikaipeleka masijala mwenyewe, ikagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Nikastaafu. Habari za pensheni zilikwenda kwa utaratibu wake, kwa kuwa mfuko wa pensheni una ofisi zake na hesabu zake na hulipa kutokana na michango. Hapa pana jambo linalowapoteza wengi: wanadhani mafao yote ya kustaafu hutoka mlango mmoja, na fedha za mfuko zinapoingia benki huamini kwamba kila walichostahili kimekwisha kulipwa. Malipo ya likizo hayamo humo. Hayo ni deni la mwajiri mwenyewe, hulipwa kutoka katika fungu la ofisi uliyoitumikia, na yasipodaiwa kwa maandishi hakuna mtu mahali popote ambaye kazi yake ni kuyakumbuka. Ndivyo ilivyo pia kwa gharama za safari na mizigo ya kumrudisha mtu mahali alipoajiriwa, na kwa hati ya utumishi. Vyote hivi vimo katika sheria, na vyote huhitaji mdai.

Niliporudi ofisini na barua yangu ya madai nilipokewa na Afisa Utumishi, binti mpya ambaye hatukupata kufanya kazi pamoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwaendeleaje na kazi?"

"Tunaendelea vizuri, baba. Karibu kiti."

Akaisoma barua yangu yote, akaliagiza jalada langu binafsi. Lilikuwa limenenepa, limefungwa kwa ule uzi wa kijani wenye vichuma katika ncha zake mbili, na alilifunua kutoka mwisho kuja mwanzo, akilowesha kidole katika sifongo iliyowekwa ndani ya kisahani, akisoma namba nyekundu moja baada ya nyingine kwa sauti ya chini. Kisha akalifunga, akaweka mkono juu yake. "Baba, mimi sikatai kwamba unadai," akasema. "Lakini nikiandaa malipo haya, mkaguzi ataniuliza nimeegemea folio gani, na humu hamna barua ya kuahirisha likizo. Nitamjibu nini?"

Maneno yale nimeyafikiri sana tangu siku ile. Mstaafu ajaye na dai aghalabu huja na uchungu, kwa kuwa ametoa umri wake na sasa anajiona anatiliwa shaka na mtu aliye rika la watoto wake. Na kutokana na uchungu huo huona kila anayemwomba karatasi kuwa ni adui. Binti yule hakuwa adui. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa fedha zisizo zake, ambaye akitia sahihi pasipo ithibati atakuja kuulizwa yeye, na huenda akakatwa mshahara yeye, baada ya mimi kuwa nimekwisha kulipwa na kusahau. Shida yake haikuwa kutoniamini. Shida yake ilikuwa hana mahali pa kuegemeza sahihi yake. Tangu hapo nimeshikilia, na nawaambia wote wanaokuja kwangu, kwamba kazi ya mdai ni kumtafutia ofisa mahali hapo, na kwamba kelele, hata zikiwa za haki, hazimpi ofisa kitu cha kumwonyesha mkaguzi.

Nikatoa nakala yangu yenye mhuri. Akaitazama, akafurahi, lakini akasema nakala iliyotoka mkononi mwa mdai haitoshi, yatakiwa ipatikane ile ya ofisi. Basi tukaenda pamoja masijala. Nilimwomba karani wa pale alete daftari la barua zinazoingia la mwaka ule, tukafuata tarehe ya mhuri, na mstari wa barua yangu ukaonekana. Na mbele yake imeandikwa namba ya jalada ilikopelekwa. Haikuwa namba ya jalada langu. Barua ilikuwa imetiwa katika jalada la jumla la ratiba ya likizo za idara nzima, jambo ambalo si kosa kubwa, kwa kuwa ilihusu likizo, lakini lingetosha kunikosesha haki yangu kama nisingelikuwa na tarehe. Karani akachukua nakala ya barua, akaitia katika jalada langu, akaipa namba, na Afisa Utumishi akaandika dokezo lake palepale amesimama.

Katika Kurani, Suratul Baqara, aya ya 282 ndiyo iliyo ndefu kuliko zote, nayo haizungumzii sala wala saumu. Inazungumzia deni: kwamba watu wanaokopeshana kwa muda waandikiane, liwe dogo au kubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Nilihifadhishwa aya hiyo chuoni nikiwa mtoto, na walimu wetu walitueleza kwamba hekima ya maandishi hayo ni kuondoa shaka baina ya watu wenye nia njema, kwa sababu wenye nia mbaya hupata hila hata mbele ya maandishi. Likizo iliyoahirishwa ni deni la muda kwa maana kamili ya neno: mtumishi ameikopesha serikali mapumziko yake, na serikali imeahidi kuyarudisha, yakiwa siku au yakiwa fedha. Sioni sababu ya kuliandika deni la gunia la mchele dukani na kuliacha deni la mwezi mzima wa maisha ya mtu likae katika kumbukumbu ya mkuu wa idara.

Baada ya ithibati ikaja hesabu, na hapo napo pana la kujifunza. Mwenye kukokotoa malipo ana njia mbili: ahesabu siku zote za mfululizo na kuugawa mshahara wa mwezi kwa siku zote za mwezi, au ahesabu siku za kazi peke yake na kuugawa mshahara kwa siku za kazi za mwezi. Njia zote mbili hufika karibu mahali pamoja. Lakini aliyefanya hesabu yangu kwanza aliziondoa Jumamosi na Jumapili katika siku zangu, kisha akaugawa mshahara kwa 30, na kwa kuchanganya hivyo alinipunguzia zaidi ya robo ya haki yangu bila kukusudia ubaya wowote. Nilimwandikia nikimwonyesha kwamba kigawanyo na siku lazima viwe vya namna moja. Alirekebisha na kuniomba radhi. Mstaafu asione haya kuomba aonyeshwe namna fedha zake zilivyohesabiwa, wala asiridhike na jumla peke yake. Na akumbuke pia kwamba kinachotumika hapo ni mshahara wa msingi, posho hazimo.

Kisha nikangoja. Mwaka wa fedha wa serikali humalizika tarehe 30 Juni, na dai lisilolipwa kabla ya tarehe hiyo huvuka likawa deni la mwaka uliopita, na deni la mwaka uliopita halilipwi kwa fedha za mwaka mpya mpaka lihakikiwe. Watumishi wa Tanzania, hususan walimu, wanayajua vizuri majina ya mambo haya: kuna madeni ya mishahara, na kuna madeni yasiyo ya mishahara, ambayo ndiyo ya likizo, uhamisho, matibabu na kadhalika; na haya ya pili hukaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hutegemea kasma ya matumizi mengineyo ambayo kila ofisi huilalamikia kuwa haitoshi. Dai langu lilihakikiwa na wakaguzi wa ndani, na kwa kuwa kila karatasi ilikuwa mahali pake halikurudishwa. Katika muda huo nilikuwa nikiandika barua fupi za kuulizia, kila moja ikitaja namba na tarehe ya iliyotangulia, pasipo kulaumu wala kusihi. Hatimaye fedha ziliingia benki. Hazikuwa nyingi, na nilizitumia kwa bati la baraza ya nyumba yangu. Lakini sikupata kupokea fedha yoyote ya serikali iliyonipa utulivu wa nafsi kama ile, kwa sababu kwayo nilithibitishiwa kwamba siku zangu zilihesabiwa kuwa zangu.

Ninayemsikitikia ni dereva wetu, aliyestaafu baada yangu. Mtu huyu aliendesha magari ya idara katika barabara zote za mkoa, mvua na kiangazi, na kwa miaka mingi kila alipoomba likizo aliambiwa kwa mdomo, "Subiri kidogo, gari halina mtu." Akasubiri. Hakupata kuambiwa hapana hata mara moja, na hakupata likizo. Alipostaafu alikuja kwangu na orodha ya miaka yote, ameiandika kwa mkono katika daftari la shule la mwanawe, akitaka nimsaidie kudai. Ilinilazimu kumweleza, na lilikuwa jambo zito kumweleza mzee mwenzangu, kwamba miaka ile ya nyuma imekwisha kuvuka mpaka wa sheria, na kwamba hata ingelikuwa haikuvuka, hana karatasi inayoonyesha kwamba aliomba akazuiwa.

Kwa mzunguko wa mwisho na ule uliotangulia hakukosa kabisa. Ipo karatasi moja ambayo dereva wa serikali hawezi kuikosa, nayo ni daftari la safari za gari, lile ambalo madereva huliita logibuku, ambamo kila safari huandikwa tarehe, mahali, kilomita na mafuta, na ofisa aliyesafirishwa hutia sahihi. Tuliomba daftari za kipindi kile, na humo ilionekana waziwazi kwamba katika mwezi ambao ratiba ilisema dereva yuko likizoni, dereva alikuwa barabarani, na waliotia sahihi ni wakubwa wale wale waliomwambia asubiri. Afisa Utumishi aliikubali hoja hiyo. Dereva akalipwa kwa mizunguko hiyo miwili, na miaka mingine yote ikapotea.

Ikiwa ni halali kwangu kusema neno juu ya sheria, nitasema hivi. Nakubaliana na nia ya mpaka ule, kwa kuwa mapumziko hayakuwekwa ili yauzwe. Mwili wa mtu unayahitaji katika mwaka wake, na watoto wake wanamhitaji nyumbani katika mwaka wao, na fedha za miaka ishirini baadaye haziwezi kurudisha hata moja katika hayo. Sheria isingeliweka mpaka, waajiri wengi wangeliona ni rahisi kulipa kuliko kupumzisha. Lakini apangaye wakati wa likizo ni mwajiri, na mwajiri anaponyamaza, au anaposema subiri, anayebeba hasara si yeye. Insafu ingetaka kunyamaza kwa mwajiri kuhesabiwe dhidi ya mwajiri. Kwamba ikifika miezi sita na mtumishi hajapangiwa, ofisi iwajibike kumwandikia sababu, na ikikosa kumwandikia, siku zile zibaki hai. Dereva yule hakuwa mzembe. Alikuwa mtiifu, na utiifu wake ndio uliomkosesha.

Njia ya kudai mbele ya vyombo vya juu ipo, ila nayo ina masharti. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza njia zote zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kutafuta nafuu katika sheria za kazi. Na katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi migogoro ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na mingineyo ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Mwenye subira isiyo na tarehe huja akakuta mlango umefungwa. Kwa hiyo anayedai na ahesabu, na aombe jibu la maandishi, hata kama jibu lenyewe ni la kukataa, maana kukataliwa kwa maandishi humpa mtu mahali pa kuanzia.

Siku hizi huja kwangu watumishi walio bado kazini, na hao ndio ninaopenda zaidi kuzungumza nao. Karibuni alikuja muuguzi mmoja, mwana wa jirani yetu, aliyekuwa amebakiza muda mfupi mzunguko wake ufike ukingoni na likizo yake imeahirishwa kwa mdomo kwa sababu ya upungufu wa watu wodini. Nilimsaidia kuandika barua ya mistari michache kwa mkuu wake, yenye ombi moja na lingine la badala yake: ama apewe likizo kuanzia tarehe aliyoitaja, ama, ikiwa mahitaji ya kazi hayaruhusu, aandikiwe kwamba imeahirishwa, kwa sababu gani, na mpaka tarehe gani. Aliipeleka kwa adabu, akabaki na nakala yenye mhuri. Mkuu wake alimwita kesho yake asubuhi, akamwambia kwamba hawezi kuandika kuwa wodi haina mtu wa kushika zamu, kwa kuwa maneno hayo yangesomwa na walio juu yake. Akatia sahihi likizo yote, na muuguzi mwingine akaletwa kutoka wodi ya jirani. Dai la malipo halikuhitajika tena.